Watu Mliowaombea Kila Alhamisi

Mombasa,
Jumapili, baada ya kanisa.

Kwa Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa mwanao Kioko. Mwili wangu ni mzima. Habari ya roho utaisoma huko mbele. Je, lile goti lako la kushoto limepoa, au bado linakusumbua ukienda kuteka maji? Mbaazi zimeshika? Watu wa lori waliniambia Emali mvua imenyesha siku mbili, nikafurahi, halafu mwingine akasema ni upande wa Sultan Hamud tu. Nijulishe ukweli.

Ukweli! Tazama mtu anayeuliza ukweli.

Barua yako nimeipata, na kiondo pia nimekipata. Kililetwa na dereva wa lori la vitunguu, hakina hata uzi uliochomoka. Umeandika kwamba umemsukia Rehema, na ule mstari mwekundu umeuweka kwa sababu amepata macho juzi tu na anastahili kuona rangi. Tena umeandika kwamba wewe na akina mama wawili wa kanisa mtapanda gari la moshi wiki ijayo mje mumsalimie kwa mkono. Mwaitu, nakuomba usikate tikiti kabla hujafika mwisho wa barua hii. Tena usiisome mbele ya akina mama wa maombi ya Alhamisi, wala dada Nduku asikusomee. Isome mwenyewe polepole nyuma ya ghala, hata kama itakuchukua siku mbili.

Rehema hayupo. Hajawahi kuwepo.

Unakumbuka mwaka ule wa kwanza ulilalamika kwamba barua zangu ni fupi kama za chifu? Ulikuwa na haki. Mimi nashona midomo ya magunia ya kahawa tangu asubuhi hadi saa kumi. Ukishaandika hivyo mara moja, mara ya pili utaandika nini? Gunia la leo ni ndugu ya gunia la jana. Lakini kila Jumamosi nilikuwa naenda sinema.

Haya, nimelisema. Najua benchi la nyuma kanisani, la wenye makosa. Namkumbuka yule fundi wa baiskeli aliyekalishwa pale miezi mitatu kwa sababu alisimama sokoni kutazama gari la sinema la watu wa kutangaza majani chai, na marehemu baba ndiye aliyesoma jina lake mbele ya kanisa. Sasa ningekuandikia vipi, "Mama, jana nimeona picha tamu"? Basi nikawa naona picha mimi, na wewe nakuandikia kama habari za watu wa hapa. Nilibadilisha majina tu. Nilidhani utasoma, utacheka, yaishe. Kumbe wewe na wenzako mliandika yale majina kwenye daftari la maombi.

Mzee Salimu, yule aliyeshikwa mguu na mamba, mkaomba Alhamisi tatu mguu usikatwe. Ile ilikuwa picha, tena picha mbaya, wee! Mamba mwenyewe wa mpira. Akifungua mdomo unaona mshono, na mimi mishono ndiyo kazi yangu. Sisi tulio na wajomba kule mto Athi tunajua mamba halii kama ng'ombe. Watu walizomea, mmoja akarusha ganda la chungwa. Nilitoka pale nikihesabu nimeibiwa. Lakini nilipokuandikia ikawa nzuri, ukanijibu kwamba Mama Mutheu alilia machozi, nami nikajiona fundi kuliko waliotengeneza. Mungu anisamehe kwa machozi ya yule mama.

Za kauboi sikukuandikia hata moja. Wanapanda farasi, wanashuka, wanauana kwa sababu ya ng'ombe. Hayo hata mpakani kwetu yapo, huna haja ya kulipa kiingilio.

Rehema ndiye niliyempenda. Ilikuwa picha ya Kihindi. Mama mmoja amepofushwa na moshi wa jikoni, anauza bangili kwenye lango la hospitali, na mtoto wake aliyepotea utotoni amekuwa daktari wa macho papo hapo. Kila asubuhi anampita, anamwekea kitu mkononi, hajui ni mama yake. Haki, nililia. Nilikuandikia nusu yake Jumamosi ile ile, kabla hata jasho halijakauka, na ile nusu nyingine nikaiweka ya barua itakayofuata. Lakini mwisho wake ulinikasirisha sana. Mtoto anaijua ile sauti wakati mama ameshaanguka kwenye ngazi, anakufa. Anakufa hivi hivi! Hapa vijana husema steringi hafi, ndiye mwenye picha, kila mtu atakufa yeye abaki. Sasa huyu mama si steringi? Nilirudi Jumamosi iliyofuata, nikakaa kama mjinga nikingoja labda leo ataamka.

Kabla sijakuandikia mwisho, barua yako ikafika kwamba akina mama wamefunga siku mbili bila kula kwa ajili ya macho ya Rehema. Mwaitu, ningemwua vipi? Watu wazima wenye magoti mabovu wameshinda njaa, halafu mimi niandike amekufa? Nikampasua macho mwenyewe kwa kalamu, akaona, akamkumbatia mtoto wake. Ukanijibu kwamba mlichinja mbuzi, na wewe ulisimama kanisani ukashuhudia mbele ya watu wote mambo ambayo Mungu ametenda Mombasa. Nilisikia baridi siku hiyo, na hapa hakuna baridi. Ulikuwa ukinifundisha kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka miwili, na imekuja kukatikia kwenye kiondo chako.

Nimebakiza Josefu. Vuta kigoda ukae.

Nilipofiwa na baba nilikuandikia kwamba msimamizi amenikatalia livu ya kuja kuzika. Mkaomba Mungu aulainishe moyo wake. Mwaitu, yule mtu hana kosa. Alisoma telegramu asubuhi, akanishika mkono, akanipa siku saba. Nilifunga mfuko wangu saa nne, na gari la moshi ni la jioni. Pale landhi, kwenye vyumba vyetu vya wafanyakazi, watu wakawa wanaingia mmoja mmoja kunipa pole, nami siwezi kulia mbele yao, siwezi kukaa. Nikatoka na mfuko, nikatembea tu. Saa nane nikajikuta mbele ya sinema. Nikasema moyoni, angalau mle ndani kuna giza, mtu anaweza kulia asionekane.

Ilikuwa ya kuchekesha. Polisi mnene ametumwa kumkamata mbuzi aliyekula karatasi za hakimu, na kila akimshika kamba mbuzi ndiye anampeleka yeye. Niliingia kulia, Mwaitu, nikacheka. Nilicheka mpaka mtu aliyekaa mbele yangu akageuka, akacheka pamoja nami. Katika picha zote nilizowahi kuona, hiyo ndiyo nzuri kuliko zote, na nimeiona siku hiyo hiyo ya msiba. Ilipokwisha wakaiweka tena, na mimi sikusimama. Nilipotoka gari lilikuwa limeondoka.

Hata hapo ningeweza kurekebisha. Kesho yake kulikuwa na basi. Ningefika jioni, nikakuta udongo mbichi, nikakaa na wewe siku zilizobaki. Hilo ndilo linalonila. Sikupanda. Nilijiuliza nitaingiaje katika boma la mzee wa kanisa, na nikiulizwa nilikuwa wapi nitasema nini. Siku saba nikazimalizia hapa hapa Mombasa, na tangu hapo sijakanyaga nyumbani.

Ndiyo maana nilikuandikia habari za Josefu wa godauni letu la kahawa, aliyepewa ruhusa aende kumzika mtu wake asiende, na sasa anamwogopa mama yake. Ile sikuitoa kwenye picha yoyote. Josefu ni mimi.

Kwenye barua yako hii, chini ya mwandiko mzuri wa Nduku, umeandika kwa mkono wako mwenyewe, kwa zile herufi kubwa: "Rehema nitamsalimia. Lakini huyo Josefu ndiye nataka kumwona. Mwambie mama yake hana hasira ya mazishi. Mazishi ni siku moja." Nimeisoma mpaka karatasi imelegea kwenye mkunjo. Sijui kama umejua, wala umejua tangu lini. Labda ulikuwa unajua, na bado ukasuka kiondo.

Nisamehe, Mwaitu. Kama ni benchi la nyuma, nitakaa. Nitakaa hata kiangazi chote.

Msalimie Nduku, dada yangu, na umwambie mwandiko wake unanitia aibu. Msalimie nyanya, asiache kunywa dawa ya kifua. Msalimie mjomba Mutiso, aliyeshika koleo kaburini mahali pangu. Mwambie nalijua deni hilo. Akina mama wa Alhamisi wape salamu zangu, na ukweli uwape kadiri utakavyoona wewe. Salimu na Rehema wafuteni kwenye daftari. Josefu msimfute.

Sasa kata tikiti, Mwaitu, lakini ya mtu mmoja. Rehema hutamwona. Josefu atakuwa amesimama steshenini na kiondo chenye mstari mwekundu, na tutarudi Emali wote wawili. Utamjua. Ana masikio ya baba.

Ni mimi mwanao,
Kioko