Kopo Namba Sita

Jumatatu, 4 Machi

Utafiti unataka vinyesi vya watu wazima wasioumwa chochote, vya kulinganishia na vya wagonjwa. Mmoja wa waliojitolea kaingia mitini! Miwani, mwenzangu wa maabara, akasema kazi isilale, mmoja wetu ajaze kopo. Nikajaza mimi. Namba sita. Nimezimua, nimepanda kwenye sahani tatu. Kila sahani ina chakula chake, huotesha bakteria wa aina moja na kuwabana wengine. Miwani anacheka: sasa tutakujua undani wako.

Mtoto kamaliza dawa leo, anakula vizuri. Taifodi mara mbili ndani ya miezi minne! Heri nilivyomfukuza dada wa kazi. Nilimwambia mbele ya mume wangu: mikono yako michafu ndiyo inayomuua mwanangu. Alilia. Sikujali.

Jumanne, 5 Machi

Sahani mbili hazina neno. Nimehesabu makoloni, vile vidoa vya bakteria walioota, kwa kalamu nyekundu, mia moja arobaini na mbili na themanini na saba, wale wa kawaida wa tumboni.

Ya tatu — hapana!

Meusi, yanang'aa kama bati. Kumi na tisa. Nimehesabu mara nne. Kwenye sahani hii taifodi ndiyo huota hivi. Lakini wapo na bakteria wengine wenye weusi. Wapo! Tusubiri vipimo vya kuthibitisha. Miwani hacheki tena. Kaniuliza kama nina homa. Sina hata mafua.

Alhamisi, 7 Machi

Ni taifodi.

Mimi!

Daktari anasema wapo wanaoibeba miaka mingi bila kuumwa. Dawa zipo, nisiogope, ila kwa sasa nisimpikie mtu, nisimwandalie mtu chakula. Nikaitikia kama mjinga. Mtu gani? Matunda ya mtoto nilimenya mimi kila asubuhi, kwa mikono hii, nikayakata vipande vidogo, nikafunika bakuli. Sikumwamini mtu mwingine. Dada alishika kijiko tu.

Mume wangu sijamwambia. Nimesema tumbo linaniuma, apike yeye. Uongo juu ya uongo.

Jumamosi, 9 Machi

Dada amekuja kuchukua begi lake. Mume wangu ndiye kamfungulia. Mtoto kamkimbilia mbio, mikono juu, abebwe — Dada akarudi nyuma! Akamwambia mtoto: subiri baba, ninawe kwanza.

Kaenda kwenye sinki. Hakuniangalia.

Nimejifungia chumbani, naandika huku nimesimama. Karatasi ya majibu iko mfukoni, imelowa jasho. Maji nayasikia hadi huku. Mtoto analia abebwe. Dada anasugua tu, mpaka viwiko, nilivyomfundisha mimi siku ile nikimpigia kelele. Naona aibu sijui niiweke wapi.

Mume wangu anaita: toka basi, umuage dada wa watu.

Bomba bado halijafungwa.