Mwimbaji Aliyesimama Mahali Pako

Garissa,
Jumapili jioni

Kaka yangu Mghanga,

Nakuamkia kwa heshima, na kupitia kwako namwamkia Mama. Koo linaendeleaje? Bado linakubana asubuhi ukungu ukishuka kutoka kilele cha Vuria? Daktari alikukataza moshi, nami nakujua, najua kiti chako kiko jikoni kwa Mama, karibu kabisa na mafiga. Sogea mlangoni, tafadhali. Na yule mbuzi mweusi alizaa salama? Mara ya mwisho ulinieleza kwamba tumbo lake limeshuka.

Mimi ni mzima, ila mkono wa kushoto una bandeji. Niliumwa na mtu kwa meno. Unapona. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe hunong'ona, nami hukuuliza mara tatu tatu umesema nini, na safari hii ningeona haya na kukata kabla sijafika kwenye neno lenyewe. Barua hii anakuletea dereva mwenzangu anayepitia Voi. Isome peke yako kwanza, halafu uamue utakachomwambia Mama.

Kaka, bendi yako ya Radi wanapiga tena.

Nililiona tangazo kwenye ukuta wa kituo cha mafuta, siku tuliyotoka Dadaab na lori la maji kuja kubadilisha magurudumu. Mzee Kazungu yuko kwenye picha na ngoma zake, wa besi yuko, wa gitaa la solo yuko. Katikati, pale unaposimama wewe, kuna kijana mwembamba mwenye miwani myeusi. Chini wameandika majina ya nyimbo, na nyimbo hizo zote ni zako. Nilisimama juani nikilitazama tangazo lile mpaka Dekow akanipigia honi.

Dekow ndiye mwenzangu wa zamu kwenye lori, mwenyeji wa hapa Garissa. Yeye alifurahi sana. Alinieleza kwamba kijana huyo anaitwa Bishar, mwana wa mama anayeuza maziwa ya ngamia sokoni, kwamba alianza kwa kusoma kaswida madrasa, akaenda Nairobi, na sasa anarudi kwao na bendi ya roki yenye jina. Akasema lazima twende. Miaka miwili tumekula sahani moja na Dekow, na sikuwahi kumwambia kwamba mwimbaji wa Radi alikuwa ndugu yangu wa tumbo moja. Mpaka siku hiyo alichojua ni kwamba nina kaka mgonjwa nyumbani.

Onyesho lilikuwa Jumamosi, majuma matatu yaliyopita, baada ya alasiri, katika uwanja wa hoteli uliozungushiwa mabati. Jukwaa lilikuwa matrela mawili yaliyounganishwa. Vijana wa hapa walijaa mbele upande wa kushoto, mabinti wakasimama roshani ya juu. Sisi watu wa bara, walimu, wauguzi na makarani, tulikuwa upande wa kulia kwenye meza za soda. Jirani yangu alikuwa Mwalimu Kioko, Mkamba anayefundisha shule ya msingi Dadaab. Ni mtu mpole, nimempa lifti mara nyingi. Dekow alikwenda mbele kwa vijana wenzake.

Kazungu amezeeka, Kaka. Kichwa kimekuwa cheupe chote. Lakini alipoipiga ile ngoma kubwa ya miguuni, mabati yalitetemeka na kifua changu kikatetemeka nayo. Magitaa yakaingia, makali kama zamani, na nilijikuta nakutafuta kwa macho, kama mtu anayesahau kwamba msiba umeshapita. Akatoka Bishar. Wimbo wa kwanza nikajiambia hawezi. Wa pili nikajiambia anaiga. Niliomba kwa moyo wote akosee. Alikuwa akisema "bale" mahali pa "pale", kama wasemavyo watu wa huku, nikangoja watu wacheke, na hakuna aliyecheka.

Kisha Kazungu akaanza kugonga taratibu, nami nikajua ni "Reli ya Maktau".

Unajua uliutunga kwa ajili ya nani. Ulipoimba wewe, mahali panapotajwa marehemu Baba akilala kando ya reli na buti zake miguuni, ulikuwa unapiga ukelele mpaka mishipa ya shingo inasimama. Bishar hakupiga ukelele. Aliivua miwani, akaishusha sauti mpaka magitaa yakalazimika kumfuata chini, na uwanja mzima ukanyamaza, hata wale waliokuwa wakitafuna miraa. Mwalimu Kioko alikuwa ameinua mikono yote miwili juu, analia. Nilimwona Baba, Kaka. Nilimwona kwa uwazi ambao sijawahi kumwona ulipoimba wewe. Sijui nikwambieje jambo hilo bila kukuumiza, ila ndilo lililonitia wazimu. Kama angeimba vibaya ningeenda zangu kulala.

Mfukoni nilikuwa na nati ya gurudumu la lori niliyoinunua asubuhi. Ni chuma kizito, kinajaza kiganja. Sikumbuki kuitoa mfukoni. Nakumbuka bega langu lilivyojivuta nyuma, na nakumbuka nilijua kabisa ninakolenga.

Ilimpata mdomoni. Mlio wake ulipitia maikrofoni, na sote tukasikia meno yakivunjika kwenye spika. Alipiga magoti, mkono mdomoni, damu ikimchuruzika katikati ya vidole mpaka kwenye kiwiko. Na Kazungu, ambaye macho yake si mazuri tena, aliendelea kupiga kidogo kabla hajaelewa.

Nilikuwapo Mtito siku ile, unakumbuka. Nilikuwa nyuma ya jukwaa nimeshika nyaya chupa ilipokupata kooni. Nilimkimbiza yule mtu mpaka ukutani, akaruka, sikumpata. Niliapa mbele yako hospitali kwamba nikimwona nitamuua, na kwa miaka yote hii nimekuwa nikimtazama kila mwanamume wa rika lake stendi na sokoni. Jumamosi ile nilisimama katikati ya watu na mkono wangu bado uko hewani, nikamwona Bishar amepiga magoti kama ulivyopiga wewe, na nikajua sina haja ya kumtafuta mtu yule tena.

Laiti ningesema neno pale pale. Vijana waliokuwa mbele waligeuka kutazama chuma kimetoka wapi, wakaona upande wa watu wa bara, na mikono iliyo juu ilikuwa ya Mwalimu Kioko. Wakamjia. Walipita juu ya meza, chupa za soda zikipasuka chini ya viatu. Wa kwanza alimpiga kiti cha plastiki, kiti kikavunjika, akaendelea kumpiga kwa mguu wa kiti. Mwalimu alikuwa akiuliza kwa upole, "Nimefanya nini? Nimefanya nini?" mpaka akaanguka, ndipo wakaanza kumkanyaga. Walimu wenzake wakaingia kumwokoa. Karani mmoja akampasua kijana kichwa kwa chupa. Mawe yakaanza kuruka, na sasa hakuna aliyejua anampiga nani kwa sababu gani, kila mtu alimtafuta asiyefanana naye.

Nami nikaingia. Ningependa kukuandikia kwamba nilikwenda kumwokoa Mwalimu, na labda dakika ya kwanza ilikuwa hivyo. Nilimvuta kijana mmoja kwa kola, nikampiga puani mpaka nikasikia mfupa ukivunjika, na aliposhika uso nikampiga tena. Mwingine alinirukia mgongoni, akaning'ata mkono na kuning'inia hapo kama mbwa, nikamgongesha kwenye chuma cha trela mara mbili hadi akaachia. Nilikuwa na furaha, Kaka. Nakwambia kwa sababu wewe hujawahi kunidharau. Nilikuwa na furaha kuliko siku yoyote tangu upoteze sauti.

Jukwaani waliipindua spika, ikauangukia mkono wa kulia wa Kazungu. Polisi wakaingia kwa rungu na moshi wa kutoa machozi, risasi zikapigwa hewani. Mabati yakaanguka, tukakimbia sote pamoja, waliopigana na waliopiganiwa, tukikohoa na kutemeana damu.

Dekow alinikuta kwenye yadi ya malori, nimejiinamia chini ya lori. Alikuwa amepasuka juu ya jicho. Alinipa maji, kisha akaniambia kwamba alikuwa ametugeukia sisi wakati wimbo unaimbwa, ili aone kama nimeupenda. Aliona mkono wangu. Akasema asubuhi nitakwenda hospitali kwa miguu yangu, au yeye atakwenda kunisemea. Hapo ndipo nilipomweleza habari zako. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema sababu ni nzuri, lakini meno ya mtu yako mchangani.

Asubuhi nilikwenda. Nilianza kwa Mwalimu Kioko, kwa sababu nilimwogopa kidogo zaidi. Mbavu tatu zimevunjika na mkono. Nilipomwambia kwamba nati ilitoka kwangu, alinitazama, kisha akageuka polepole kwa maumivu mpaka uso ukaelekea ukutani. Hajanijibu mpaka leo.

Bishar alikuwa chumba cha pili. Mdomo umeshonwa, taya limefungwa, uso umevimba hata jicho moja halifunguki. Nilisimama miguuni pa kitanda, nikamwambia jina langu na jina lako na nilichofanya. Akachukua simu, akaandika, akanigeuzia nisome. "Kaa hapo mpaka mama yangu aje. Umwambie yeye."

Nilikaa. Naapa, Kaka, kupigwa ni rahisi kuliko saa ile. Alikuja mama mrefu, mkavu, anayenukia moshi wa kufukizia vibuyu vya maziwa. Nilimwambia nimesimama. Alinipiga kofi, akanipiga la pili, akavua kiatu akanipiga kwa kiatu kichwani na usoni mpaka muuguzi akaja mbio, naye akamwondoa muuguzi kwa mkono mmoja. Sikujikinga. Alipochoka alikaa kitandani miguuni pa mwanawe, akihema.

"Wewe iko na mama?" akaniuliza.

Nikasema ninaye.

"Yeye najua kazi ya mkono yako?"

Nikauficha mkono mgongoni.

Wazee wa ukoo wao walikuja jioni, na Dekow akaja na mjomba wake awe upande wangu. Polisi nao walikuwa wakiulizia ni nani aliyeanza. Yule mama aliwakatalia wote. Alisema hakuna atakayemsemea mwanawe wakati mdomo wake umeshonwa. Siku atakapofunguliwa, yeye mwenyewe atasema kama mimi niende polisi au niende kwetu, na kinywa chochote kingine kinyamaze. Kisha akaniambia kwamba mpaka siku hiyo nitafika sokoni kwake kila alfajiri, nichukue maziwa, nimnyweshe mwanawe kwa mrija, mimi kwa mkono huu huu.

Nimefanya hivyo majuma matatu. Tajiri wa lori amempa mtu mwingine zamu yangu. Njia ya kwenda sokoni wanaijua sura yangu sasa, nimetemewa mate, na juzi nilipigwa jiwe la mgongo nikiwa nimebeba maziwa. Sikuyamwaga. Bishar hunywa akiniangalia machoni, hapepesi, na mrija ukigusa mshono hunishika kifundo cha mkono wa kushoto na kukikamua, kwa makusudi, palipo na alama za meno. Tunakaa hivyo mpaka kikombe kinaisha. Siku moja aliandika kwenye simu kwamba aliwahi kupanda matatu mpaka Wundanyi kukuomba ruhusa ya kuimba nyimbo zako, akafika langoni, akamwona mtu amekaa jikoni anakohoa, akashikwa na haya akarudi. Ni kweli alifika? Mama hakumwona?

Kazungu anakusalimu. Vidole viwili havikunji tena. Alinijua tangu dakika ya kwanza, na hajaniuliza swali hata moja.

Leo asubuhi wamemfungua. Chumba kilijaa: mama yake, wazee wawili, Dekow, na askari mmoja mlangoni amevua kofia. Nilikuwa nimevaa shati safi. Daktari alivuta uzi wa mwisho, akamwambia ajaribu taratibu. Bishar akafungua mdomo. Mbele hakuna meno, ni pengo tupu, na pumzi ya kwanza ilitoka kama filimbi. Akatema damu kidogo kwenye beseni. Akajaribu tena, akashika shavu, akamtazama mama yake, akawatazama wazee, kisha mimi. Wote tukangoja.

"Kesho," akasema, na neno lilimchukua muda, "leta na mkate."

Mama yake akafunika uso kwa shela. Askari alisubiri kidogo zaidi, hakuna lililoongezwa, akavaa kofia akaenda. Mimi nilitoka nje nikakaa chini kwenye kokoto.

Sijui maana yake, Kaka, na sikuthubutu kuuliza. Huenda kesho kutwa atasema lile lingine, la polisi au la kurudi kwetu. Najua tu duka la mkate linafunguliwa saa kumi na moja na nusu, na kwamba unatakiwa uwe laini, nitauchovya kwenye maziwa.

Msalimie Mama, umshike mkono unapomsalimia. Msalimie dada yetu na mumewe, shangazi wa kule juu kanisani, na yule fundi wa redio aliyekuwa akikurekodi. Kama utataka kuniandikia, mpe barua dereva huyu huyu. Kama hutataka, mrudishe mikono mitupu, nami nitaelewa.

Mdogo wako,
Mwakio