Sindano ya Tumbo

4 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Najua kazini simu hamruhusiwi, utasoma ukitoka. Sisi wazima, ila Mama kalazwa, nimonia. Usihofu, nipo naye. Hakanyagi chini: namwogesha na kumlisha hapohapo kitandani. Ananitania eti nimemfanya mwali.

Wauguzi ndio wananikera. Mara atembezwe, mara wamchome sindano ya tumbo kila siku. Ugonjwa uko kifuani, tumbo limekosa nini? Limevilia damu, jeusi! Nimewakatalia. Mama naye kasema, “Asemavyo mwanangu mkubwa.”

Dada yako

6 Juni

Dada, shikamoo.

Mama kaamkaje? Nimeongea na daktari wake. Anasema mgonjwa wa kulala tu damu huganda miguuni, na donge likipanda mapafuni linaua. Sindano hiyo ndiyo kinga. Nakupigia magoti, waache wamchome. Na atembee, hata hadi dirishani.

Mdogo wako

7 Juni

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Lakini umeanza lini kunifundisha kumtunza Mama? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe hujamsikia akiguna sindano ikiingia.

Na kwa taarifa yako: homa imekwisha, kifua safi, kesho tunaruhusiwa. Mguu mmoja tu umevimba, nadhani kaulalia vibaya. Unamuuma, namchua kwa mafuta ya moto.

Dada yako

7 Juni, jioni

Dada, usiuchue! Toa mikono, mwite daktari sasa hivi. Nakupigia hupokei. Pokea simu, dada!

2 Julai

Mdogo wangu,

U mzima? Mimi nipo tu, chakula hakipiti. Tangu tumzike Mama hujanisemesha. Makaburini ulinipita kama mti. Alinifia mikononi, akihema, nami nikimwambia tulia, Mama, tunakwenda nyumbani. Unadhani nalala?

Majirani wote wamenipa pole, wamesema siku yake ilifika. Nataka nisikie kwako. Niandikie hivyo tu, mdogo wangu, sitakuomba kingine maishani.

Dada yako

19 Septemba

Dada, shikamoo.

Mimi mzima. Barua yako naijibu kila Jumapili, kisha nachana. Nakupenda, na nina hasira nawe mpaka meno yananiuma. Nimejaribu kuandika kwamba siku yake ilifika, mkono umekataa.

Mama alikuwa amepona, dada.

Mdogo wako