Simu Kutoka Tanzania

Mjukuu wangu Mutheu,

Huku Kikima tuko wazima, na mbuzi wa nyanya yako amezaa mapacha. Umeuliza kama ununue bando ya simu huko ng'ambo mlikoenda kucheza mpira. Bando yenyewe bado sijaielewa vizuri.

Ujanani nilienda Tanzania na timu yetu. Nikampigia mwenye duka wa hapa kwetu simu: "Mwambie mama niko salama."

Mama akaelewa niko Salama, ule mji wa barabara ya Mombasa! Akapanda basi na sufuria ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe ninayoyapenda, akaningoja huko kutwa nzima.

Niliporudi akaniuliza, "Kwani ulikuwa umejificha wapi?" Nilianza kucheka, kisha nikaona analia.

Mpaka leo sijui kosa lilikuwa la nani. Nunua bando, umwambie mama yako uko mji gani.

Babu yako,
Mutua