Sikuuawa na Kigango cha Baba

Tezo, Kilifi

Kwa ndugu yangu Karisa,

Pokea salamu zangu, wewe na watu wote wa nyumbani Marafa. Natumai mguu wako uliokatwa na jembe umepona. Mimi moyoni sijambo, mwilini ninakwisha. Daktari alisema saratani imelila ini na kwamba mvua za vuli huenda nisizione. Nilimshukuru, kisha nikamwomba karatasi.

Utashangaa kuona naandika kutoka Tezo, si Malindi nilikofanya ukarani miaka yote. Niko kwa Kahindi, yule aliyekuwa mume wa dada yetu Kadzo. Usiitupe barua. Keti usome mpaka mwisho.

Nimepata ujumbe wako. Wazee wamekaa, mganga ametazama, na jibu ni kwamba koma wa baba, mzimu wake, ananiua kwa sababu kigango chake, ile nguzo ya kumbukumbu tuliyomchongea, kiliibwa, nami mwanawe mkubwa nikanyamaza. Mwataka niletwe nikatakaswe. Siji, Karisa. Baba hakutupiga hata siku moja kabla ya kutuuliza, na alitusikiliza mpaka tukachoka kusema uongo. Mtu yule hawezi kuniua kwa siri. Ini langu limeoza kama yaozavyo maini ya watu wengine.

Lakini kunyamaza, ni kweli nilinyamaza. Kigango nilikichukua mimi.

Meneja wa hoteli yetu alitamani nguzo ya Kigiriama aisimamishe mapokezi, nami nilitaka anione kuwa mtu wa maana, si karani tu. Wajua kigango kikishasimamishwa hakihamishwi. Sisi tulihamia shamba jipya, cha baba kikabaki mahameni. Nikajiambia kilichoachwa hakina mwenyewe, na huku najua fika kwamba hakikuachwa. Kwa miaka minne wageni walitundika kofia zao juu ya kichwa cha baba, nami nilipita pale kila asubuhi nikijifanya natafuta funguo. Meneja alipoondoka, alikwenda nacho kwao Ulaya. Mji siujui. Hakirudi.

Mlimshuku Kahindi kwa sababu alichunga mbuzi kule mahameni. Wazee wakataka ale kiapo cha shoka la moto, lile wanalosema humwunguza mwongo tu. Unakumbuka alivyojibu? "Nimesema sikukichukua. Dini yangu hainiruhusu kuapa, na shoka lenu halina la kuongeza." Mimi nilikuwa nimekalia kiti nilicholetewa kwa sababu nimetoka mjini na viatu vyangu. Nikasema, "Asiyeogopa ukweli haogopi shoka." Mkacheka wote. Siku ileile tukamchukua Kadzo tukamrudisha kwetu, na Kahindi tukamkataza ua wetu.

Nilipolazwa hospitalini, yeye ndiye aliyekuja.

"Nani kakutuma?" nikamwuliza.

"Njaa yako. Kunywa uji, shemeji."

"Unajua kigango kilikwenda wapi?"

"Najua. Nilikuona ukikitia kwenye gunia la makaa. Nilikuwa na mbuzi kule juu."

"Mbona hukusema?"

"Ningeaminiwa na nani? Wewe ulikuwa na viatu."

"Basi umekuja kunicheka."

"Siku ya kwanza, kusema kweli, nilikuja kukucheka. Nikakuta umelala unaomba maji, na muuguzi anahangaika na wengine. Kicheko kikanitoka."

Nilimfukuza, Karisa. Nilimwambia atoke na uji wake na Mungu wake. Kesho yake akarudi na kikombe kilekile. Nilimtukana wiki nzima. Mwisho nikamwuliza ameishije na jambo hili. Akasema hakuishi vizuri. Alinichukia, akaniombea mabaya kwa jina langu. "Nilimwomba Mungu akuvunje miguu," akasema, "akanigeuzia mimi kazi ya kukubeba." Akacheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaamka.

Nikaomba siku ile, kwa mara ya kwanza bila kumwonyesha mtu. Nimebatizwa hapa Tezo, alikonileta nilipotoka hospitalini, nikiwa nimekaa kitini, kwa kuwa miguu haisimami. Sikumwamini Yesu ili nipone, na sijapona. Habari za mtu asiye na hatia aliyewaombea waliomshtaki nilifundishwa misheni nikiwa mdogo, nikazipasi kwenye mtihani. Sikuziamini mpaka ziliponiletea uji.

Sasa nisikilize. Isome barua hii mbele ya wazee walewale, kwa sauti. Wakisema ugonjwa umenivuruga akili, waonyeshe mwandiko. Wakitaka kunilaani, wafanye haraka, wasije wakakuta nimekwisha kwenda. Wewe nakuomba unisamehe, maana nilikuibia baba. Kigango changu msichonge, sitakuwamo. Nizikeni karibu na mama, mwimbe. Mauti yatanipata, sikatai, lakini hayatanikuta nimeinama, wala hayatakaa nami milele.

Nisalimie mkeo, na shangazi yetu anayeniombea kwa namna yake. Mwanao mkubwa, aliye darasa la nane katika utaratibu huu mpya wa masomo, mwambie elimu ni nzuri, lakini mimi niliyesoma ndiye niliyeiba.

Kadzo simsalimii kwa karatasi. Barua hii imeletwa na Kahindi. Kwa kuwa tulimkataza ua wetu, najua amempa mtu akukabidhi, na mwenyewe amesimama barabarani. Wazee utawasomea baadaye. Sasa inuka ukamwingize, na Kadzo atangulie mbele yako.

Kaka yako, mwizi aliyesamehewa,

Katana