Samaki Aliyepewa Jina la Baba

Nyololo, Mufindi
Jumatano asubuhi

Kaka yangu mpendwa Asegelile,

Salamu nyingi zikufikie hapo Uyole, wewe na shemeji na watoto, pamoja na Baba na Mama na majirani wote. Natumaini mu wazima na baridi ya mwaka huu haijawatesa sana. Viazi vimetoka? Mguu wa Mama umepona, au bado anachechemea na kusema haumwi? Sisi huku miili ni mizima, mimi na mke wangu na binti yetu Tumpe, ambaye sasa anaongea kuliko nyapara. Lakini moyoni mimi si mzima, Kaka, wala sitakuficha. Nimekasirika. Nimemkasirikia Bwana, nimemkasirikia memsahibu wake, na ukisoma mpaka chini utaona kwamba hata wewe hukusalimika.

Barua yako niliipata. Umeniandikia nivumilie, kwamba jina ni jina tu, na kazi ni ngumu kupatikana. Nilipoisoma nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Mama Tumpe akaniuliza kama kuna msiba nyumbani. Nikamwambia hapana, ni Kaka tu.

Najua mara ile niliandika kwa mkato, labda ulidhani natania. Basi leo nakuandikia tangu mwanzo, ili usiseme hukuambiwa.

Kazi yangu unaijua kwa juu juu. Bwana ana shamba la chai huku Mufindi, na bondeni ameziba kijito akapata mabwawa matatu, moja chini ya jingine. Humo ametia kambare walioletwa kwa mapipa kutoka Usangu, wale wale wenye sharubu unaowajua. Ametia pia samaki wa Ulaya anayeitwa karpi, mnene, mwenye magamba mapana kama senti kumi ile ya tundu. Hakuna mtu anayevua humo ila Bwana na wageni wake, Wazungu wa kutoka Iringa na Mbeya na mashamba ya jirani. Mimi ndiye niliyekabidhiwa samaki.

Unajua samaki hao wanakula nini? Ugali, Kaka. Ugali wa unga mweupe uliochekechwa, ambao mimi na wenzangu hatujaupata kwenye posho hata siku moja. Nausonga mwenyewe kwenye sufuria kubwa, nauchanganya na asali kwa ajili ya karpi, na kwa kambare natia maini yaliyoanza kunuka. Nafinyanga matonge, natupa mahali pale pale kila siku, ili wageni wakija wakute samaki wamezoea. Mgeni anakaa kwenye kiti chake cha turubai tangu asubuhi, amevaa koti, anaangalia uzi. Akinasa, makelele! Mimi naingia majini na wavu, natoa samaki, tunampima kwenye mizani, anapigwa picha amepakatwa kama mtoto wa kubatizwa. Halafu anarudishwa majini. Ndiyo, anarudishwa! Kambare wa kulisha kambi nzima anapapaswa tumbo, anaambiwa kwaheri, anaachwa aende. Mara ya kwanza nilidhani mgeni yule ni mgonjwa.

Haya yote niliyavumilia. Samaki ni wake na unga ni wake.

Mvua zilizopita, mgeni mmoja alinasa kambare katika bwawa la chini, mahali nilipomkalisha mimi. Sijawahi kuona kambare wa namna ile. Kichwa chake kilijaza karai. Bwana alifurahi mpaka akanikumbatia mbele ya watu na mimi nimelowa chapachapa. Akasema, "Wewe fundi kabisa. Hii samaki sasa jina yake ni Mwangolela."

Unajua Bwana hajui kwamba naitwa Ambakisye. Siku ya kuandikishwa kazi niliulizwa jina la baba, na tangu hapo huku naitwa hivyo. Nilicheka pamoja na wengine. Nilidhani ni maneno ya furaha, jua likizama yatasahaulika. Baada ya siku chache nikakuta ubao umechomekwa ukingoni mwa bwawa, umepakwa rangi nyeupe, na jina la Baba limeandikwa kwa herufi kubwa na samaki amechorwa chini yake. Vibarua wakipita na vikapu vya chai wanasema, "Mwangolela leo amekula?" "Mwangolela amenenepa." Baba yetu, Kaka, aliyenyamazisha baraza zima kwa kukohoa tu.

Hata hilo ningelimeza. Mimi ni mwanawe, nalitaja jina lake bila kosa. Lakini memsahibu akamchukua Mama Tumpe afanye kazi ya nyumba, na wageni wakija abebe chai mpaka bwawani. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Wewe ni Mnyakyusa, sina haja ya kukufundisha kwamba mke hamtaji baba mkwe wake. Mama Tumpe tangu nilipomwoa hajawahi. Hata neno linalokaribiana na jina lile huliacha akatafuta jingine. Basi bwawani wageni wakimwuliza, "Leo mmemwona nani?" naye hujibu, "Yule mkubwa." Au, "Mwenye bwawa la chini." Memsahibu akaona ajabu, akamwuliza mpishi, mtu wa mjini Iringa ambaye hana ubaya ila hawezi kukaa na neno tumboni. Mpishi akaeleza.

Ungedhani mtu akishaelezwa atasema pole. Wao waliufanya mchezo. Kila mgeni akija anaambiwa, mjaribu huyu mama, hawezi kutaja jina la samaki. Mmoja alimwonyesha kopo la sukari. Mwingine akamwonyesha kitambaa cha hariri, anampepea nacho usoni: taja, ni chako. Mwingine akajifanya hajui kusoma, anamvuta mkono mpaka kwenye ubao, "Mama, hapa nimeandika nini?" Mama Tumpe anainamisha macho, nao wanacheka hadi vikombe vinamwagika. Na mimi nimesimama pale pale na tonge la ugali mkononi. Hayo ndiyo uliyoniambia nivumilie.

Alikuwa akirudi kambini anakwenda moja kwa moja jikoni. Anapika, anamlisha mtoto, analala. Siku moja aliniambia, "Baba Tumpe, naogopa. Ipo siku litanitoka." Unaelewa? Hakuogopa kufukuzwa wala kupigwa. Aliogopa siku moja wakimchosha litamtoka kinywani, na tangu hapo atarudije Uyole kupita mbele ya ua wa Baba?

Nikaenda kwa Bwana. Nilivua kofia, nikamweleza taratibu kwamba jina lile ni la mzee aliye hai, na mke wangu ni mkwe wake, tafadhali Bwana ambadilishie samaki jina. Akanitazama kama niliyemrudishia zawadi.

"Lakini hii heshima kubwa! Mimi nasaidia baba yako. Watu ya Iringa yote najua jina yake."

"Wanamjua kwa samaki, Bwana."

"Samaki namba moja!"

"Bwana, mke wangu hawezi."

"Yeye nafanya mchezo tu. Wewe rudi kazini."

Nyapara wetu, Mhehe wa kutoka Kilolo, alikuwa mlangoni anasikia. Tulipotoka akaninong'oneza, "Bwana mdogo, achana na hayo. Kwani samaki anajua kama anaitwa?" Nilimwambia samaki hajui, lakini mke wangu anajua. Akatikisa kichwa. Naye nilimkasirikia, ingawa si mtu mbaya.

Jumamosi iliyopita alikuja mgeni mkubwa kutoka Iringa, mtu wa serikali, na wake kwa waume wengi wakamfuata. Mchana mgeni yule akamnasa kambare mwenyewe. Nikaingia majini mpaka kiunoni. Alipigana, akaninyunyizia matope machoni, lakini nikampata. Nikawa nimemshikilia ndani ya wavu ukingoni, nusu majini, huku wao wanatafuta mizani. Na katika kungoja, memsahibu akamwita Mama Tumpe alete chai.

Akaja na sinia. Bwana alikuwa na furaha ya kupita kiasi, akasimama njiani mbele yake. "Leo," akasema, "mgeni yetu nataka jua. Hii samaki ni nani? Wewe hapana ondoka mpaka nasema." Wote wakasogea, duara kamili, yeye katikati na sinia mikononi. Kaka, nilitaka kutoka majini. Lakini mikono yangu yote ilikuwa imeshika wavu, na yule mnyama anauvuta. Nilibaki namwita tu, "Mama Tumpe, njoo huku. Njoo huku." Hakuna aliyenisikiliza.

Mgeni akamwinamia, akauliza kwa Kiswahili kizuri kuliko cha Bwana, "Haya mama, anaitwa nani samaki huyu?"

Mama Tumpe akaweka sinia chini kwenye nyasi. Akapiga goti kama anavyomsalimu mtu mzima. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika vizuri, "Huyu ni Bwana mkubwa Alfredi."

Pale sebuleni kwa Bwana, karibu na picha ya Malkia mpya, kuna picha ya mzee mwenye ndevu, na Mama Tumpe huifuta vumbi kila asubuhi. Ni baba yake Bwana. Memsahibu mwenyewe ndiye aliyemfundisha jina lake, na kumwambia picha ile aishike kwa adabu.

Hakuna aliyecheka, ila mgeni yule wa serikali. Alicheka peke yake, akashika magoti, akapiga paja. Bwana alikuwa mwekundu kuanzia shingoni. Nadhani ndiyo mara yake ya kwanza kuelewa tulichokuwa tukimwambia, na kuelewa huko ndiko kulikomtia wazimu.

"Baba yangu nimekufa!" akapiga kelele. "Wewe nasema jina yake kwa samaki? Omba radhi!"

Mama Tumpe alikuwa bado amepiga goti. Akamjibu, "Pole sana, Bwana. Wangu yu hai bado. Anasikia."

Nikaufungua wavu. Kambare akaondoka hata hawajampima. Nilitoka majini nikamshika mke wangu mkono, tukapanda kilima kwenda kambini, na huko nyuma Bwana anatupigia kelele tuondoke shambani kabla ya jua la kesho. Hakuwa na haja ya kuhangaika, tulikwisha kuanza kufunga mizigo.

Sasa tupo hapa Nyololo kwa fundi cherehani mmoja wa kwetu, ametupa chumba cha nyuma. Jana mchana nyapara alikuja kwa baiskeli, amechoka. "Kamwene," akatusalimu kwa Kihehe, akaomba maji. Akatoa maneno aliyotumwa. Kazi yangu ipo, Bwana amepoa. Mbena mmoja waliyempa sufuria yangu anatupa matonge ovyo, samaki hawasogei, na wageni wengine wako njiani. Nirudi leo hii. Sharti ni moja: Mama Tumpe aombe radhi mbele ya memsahibu, na kwa kuonyesha kwamba hana kinyongo, amtaje samaki kwa jina lake. Mara moja tu. Halafu hataulizwa tena.

Mara moja tu! Kana kwamba ni dawa ya minyoo.

Nikamwambia nyapara, nenda ukamwambie Bwana hivi: kwetu mtu akimvunjia mzee heshima, huenda kwake na ng'ombe, akakaa chini, akasema nimekosa. Njia ya Uyole anaijua, gari analo. Na aje na ule ubao, Baba apate kuni. Nyapara akacheka hadi akakohoa, lakini alisema hawezi kupeleka maneno hayo, ana watoto. Nilimwambia basi mpelekee ukimya wangu.

Sasa nakuja kwako, Kaka. Najua utasema nini. Utasema wewe ni mzee wa kanisa, na mambo haya ya mila yamepitwa, na nimeacha kazi nzuri kwa ajili ya neno moja. Kabla hujasema, mwite shemeji hapo jikoni. Mwambie asimame uani Baba akiwa anapita, alitamke jina lile kwa sauti, mara moja tu, halafu aendelee na kazi zake. Mwangalie uso. Ukishamwona, ndipo uniambie habari za kuvumilia. Nakuheshimu wewe ni mkubwa wangu, lakini barua ile iliniumiza kuliko kicheko cha Wazungu wote, maana wao hawajui na wewe unajua.

Hatukuombi kitu ila mahali pa kulala mpaka nijenge. Barua hii nampa dereva wa basi la leo itutangulie; sisi, lori la pareto linapita kesho na dereva wake amekubali kutuchukua. Kama una haya kumpokea mdogo wako amerudi mikono mitupu, kaa ndani, tutapita kwa Mama.

Msalimie Mama, mwambie namletea majani ya chai ya huku, ayachemshe kwa mguu wake au anywe, vyovyote atakavyo. Msalimie shangazi yetu mfinyanzi, mjomba mwenye nyuki, na mwalimu aliyenifundisha kuandika mwandiko huu, anisamehe leo umekimbia. Shemeji msalimie mara mbili. Tumpe anasema anataka kuona ndama.

Mama Tumpe amekaa hapa kando yangu. Nimemwuliza nimwandikie salamu gani kwa Baba. Amefikiri sana, kisha amesema nisiandike salamu. Amesema uende ukae karibu na Baba, umwambie polepole kwamba mkwewe hakumtaja.

Ni mimi mdogo wako,
Ambakisye