Zamu ya Mlinzi wa Geti

Dada yangu, shikamoo.

Mimi mzima, ila bomba la jikoni linadondosha maji. Goti lako linaendeleaje?

Ijumaa usikose tamthilia yetu. Miaka yote kazi yangu mle ni kufungua geti na kusema, "Karibu, bosi." Safari hii wameandika sehemu nzima ya mlinzi peke yake, na mke wamempa. Wakaja kurekodi humu humu kwangu, eti hapahitaji kupambwa. Sikujua nicheke au ninune.

Nilitakiwa kuingia, nivue kofia, nimwite mke. Dada, nikaita jina la marehemu wifi yako. Nikajua nimeharibu. Yule mwigizaji, mtoto wa watu, akaitika kutoka jikoni, "Abee."

Mwongozaji akasema liachwe hivyo hivyo.

Jioni wakabeba taa zao, naye akaniaga kwa heshima. Ukitazama, usinihurumie, sikiliza tu pale anapoitika.

Siku hizi nikirudi navua kofia, naita. Linalojibu ni bomba. Fundi nimemwambia asije kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
Karibu Bosi